Chumvi Kavu

Betri tatu nilizoziazima tumboni mwa redio,
nyaya mbili, na kitaa chekundu
kisichozidi punje ya kinoa:
ndiyo maabara yangu, Colchani, mwezi wa Agosti,
upepo ukikwaruza bati,
na jangwa la chumvi nje ya mlango
jeupe mpaka jicho linaomba radhi.

Mwalimu Choquetarqui alisema: Msiamini. Gusisheni.

Nikagusisha.
Kijiko, kikawaka.
Komeo la mlango, likawaka.
Sufuria ya enameli ikakataa, ikakataa,
kisha ikawaka pale ilipobanduka,
kama mtu anayesema kweli kupitia kidonda.
Kandambili, kifungo, kamba ya sufu ya lama: kimya.
Penseli niliichonga ncha zote mbili. Ikawaka!
Rufo mdogo wangu akapiga ukelele: "Mti una umeme!"
Si mti, Rufo. Ni ule weusi wa ndani.

Halafu nikashusha kopo la Baba,
mawe aliyoyatoa Pulacayo moja moja mfukoni
kabla hajavuka mpaka kwenda Calama
kuchimba shaba ya watu.
Galena, nzito, yenye pembe za vijumba: ikawaka.
Pairiti, iliyomfanya babu anunue viatu kwa deni
akidhani ameokota dhahabu: ikawaka.
Mwongo, lakini ujumbe anaufikisha.
Kwatzi, safi kama barafu ya alfajiri:
hata cheche ya kukopeshwa, hakuna.
"Zuri na halina kazi," akasema Rufo.

Mwalimu alitueleza akiwa ameupa mgongo jiko:
kwenye shaba kila atomu imeachia mtoto mmoja
akacheze uwanjani, na hakuna aulizaye ni wa nani.
Sukuma upande huu, uwanja mzima unasogea.
Kwenye kwatzi kila elektroni imekamatwa
huku na huku; haichezi, haitumwi.
Almasi ni hivyo hivyo, inashika kwa mikono minne.
Nduguye wa tumbo moja, huyu wa kwenye penseli,
anashika kwa mitatu, wa nne anauachia.
Niliandika daftarini: *mkono mmoja tu.*
Sikujua kwa nini nilipiga mstari chini yake.

Mama akaingia, kofia imeganda chumvi ukingoni,
akaweka bonge mezani.
"Jaribu na hili linalotulisha."
Nikabana nyaya huku na huku.
Kimya.
Nikahamisha. Kimya.
Mama akacheka kwa pua. "Kumbe tunauza kwatzi."

Nikalimega, nikatia kipande kikombeni, nikamwaga maji,
nikachovya nyaya zisigusane.
Kitaa kikafumbua jicho.

Ni chumvi ile ile, Mama.
Ikiwa kavu, sodiamu na klorini zimepanga mstari
kama askari wa gwaride: kila mmoja ana chaji yake,
hakuna mwenye ruhusa ya kutembea.
Maji ndiyo yanayowaambia: tawanyikeni.

Hakujibu. Alikuwa akitazama kiganja chake,
ufa juu ya ufa, kimelowa magadi ya mashimo,
kiganja ambacho lama wa jirani
humfuata nacho njia nzima.
Mkono mtupu haulambwi, na wa Mama
haujawahi kuwa mtupu; una chumvi, basi.

"Na hapa?"

Niliweka nyaya juu ya ngozi, karibu karibu,
kwa woga, ingawa betri tatu haziumi.
Kitaa kikawaka. Hafifu,
wekundu wa kaa lililosahauliwa chini ya majivu,
lakini kikawaka, na Rufo akanyamaza,
na ule upepo nao, au mimi ndiye niliyeacha kuusikia.

Mama alikitazama muda mrefu kuliko jiwe lolote.
Kisha akafumba mkono.

"Rudisha betri," akasema.
"Jumapili wanasoma salamu za Calama."